Miaka Mitatu Iliyobaki Kambini

Nyumbani kwetu watu watano tumezaliwa tarehe moja Januari: mama, kaka yangu, mimi, na wadogo zangu wawili. Si muujiza, ni kambi ya wakimbizi. Kule Uganda siku ya kuandikishwa, kama mzazi hakujua tarehe, yule wa mezani aliweka moja Januari na kumwita mtu wa nyuma. Mwaka ndio walikuuliza. Na kwa kaka yangu, mama alitaja mwaka wa uongo.

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuisikia ikisemwa vibaya. Pale kwenye klabu ya ngumi Nyakuron, hapa Juba, kila mtu ana maoni yake juu ya kaka. Mmoja anasema aliingia ngumi za kulipwa mapema mno, mwingine anasema alichelewa, wa tatu anasema bondia mzito haijalishi anaingia lini. Wanaongea kama walikuwepo. Mimi nilikuwepo, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Siku ile ya kuandikishwa kaka alikuwa na kama miaka tisa na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Shule ya kambi ilichukua watoto wa miaka sita kuanza darasa la kwanza. Waliozidi waliambiwa wangoje darasa la wakubwa, na darasa hilo halikuwepo. Mama akasema sita. Yule wa mezani akamtazama kaka toka miguuni mpaka kichwani, akauliza kama huyu ndiye wa sita, wa tisa anafananaje. Mama akamjibu kwamba baba yake ni mrefu sana. Foleni nzima ikacheka na kadi ikaandikwa. Hadithi hiyo tumeichekea kila Krismasi. Baba amekufa, na bado tunaicheka.

Tuliporudi Juba, kaka alikuwa anainama kuingia kila mlango. Alikuwa anabeba saruji Sherikat, pale karibu na daraja, akishusha mifuko miwili kwa mara moja kwenye bega moja. Huko ndiko kochi alikomwona. Kochi ni Mganda, zamani mwanajeshi, mchana anatengeneza pikipiki na jioni anafundisha ngumi kwenye sakafu ya saruji chini ya mabati. Klabuni kwake lugha ni Kiswahili, maana Kiarabu cha Juba hakimwingii, na mabondia wake wanatoka makabila ambayo hayapendi kusikilizana kwa lugha nyingine. Kiswahili chake ni cha jeshi. Siku ya kwanza kaka alipiga mfuko wa mazoezi, ule mfuko ukang'oka pamoja na kipande cha mbao. Kochi alitazama juu kwenye tundu, akasema, "Wewe iko na mkono ya kuua. Shida moja tu, hapa hakuna mtu ya kuua."

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida kweli. Juba yote hakukuwa na mtu mwingine wa uzito wake anayetaka kupigana naye. Walikuwepo wanene. Waliandikishwa, walimwona akivua shati, wakakumbuka kwamba wana safari.

Halafu wakaja wageni kutoka Kampala kwa mashindano ya ridhaa, na pamoja nao bondia mzito, mtu mzima, mwenye shingo kama gogo. Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, ile ya kweli. Juba hakuna aliyeuliza karatasi. Raundi ya kwanza alipigwa akawa anashangaa tu, maana hakuwahi kupigwa na mtu anayemfikia usoni. Raundi ya pili alitoa mkono wa kulia mmoja, yule mgeni akakaa chini akiwa bado anatazama mbele, kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Mimi nilikuwa nimerudi wiki hiyo kutoka Kenya, nilikosoma sekondari kwa shangazi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Kesho yake promota wao alikuja nyumbani kwetu. Mwanaume wa simu mbili, mwenye adabu, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kunywa chai yote aliyopewa. Alituambia kwamba mabondia wazito Afrika Mashariki ni wachache, wote anawajua mpaka mama zao. Alitaka kumchukua kaka Kampala mara moja, amwingize ngumi za kulipwa akiwa bado kumi na tisa. Alieleza vizuri. Mtu mzito akianza mapema ana muda wa kufanya makosa madogo mbele ya watu wadogo. Anapata mazoezi kila siku na watu wa kilo zake. Miaka minne, mitano, ndipo anakutana na mtu hatari, na wakati huo ameshajua kujikinga. Lakini akingoja Juba, alisema, atakuwa anangoja nani?

Kochi hakupenda. Alisema ridhaa ndiyo shule, raundi tatu tatu, glovu nene, refa anayesimamisha haraka. Kule kwa kulipwa hakuna anayekufundisha, wanakuuza. Alisema mtu mzito anaiva polepole, akiwa na ishirini na tano ndiyo anaanza kuelewa. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake mzee. Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka akikata kucha za miguu.

Mimi nilikuwa upande wa promota. Bado niko upande wake. Najua mengi yaliyotokea baadaye na bado naona alisema kweli. Kumi na tisa ulikuwa ndio umri wenyewe.

Promota alihitaji pasipoti. Pasipoti inahitaji kwanza cheti cha uraia, ambacho huku tunakiita jinsiya. Nyumbani mwenye shule ni mimi, kwa hiyo fomu zote ni zangu, tangu za hospitali mpaka za laini ya simu. Nikaenda na kaka.

Pale dirishani waliniambia kuna njia mbili. Kama hana cheti cha kuzaliwa, aende hospitali, daktari amtazame meno na ndevu na mikono, kisha aandike makisio ya umri, agonge muhuri. Watu wengi wa Juba wamepata miaka yao hivyo. Au, kama ana karatasi yoyote iliyo na mwaka tayari, niilete. Foleni ya hospitali ilikuwa ya siku nzima, labda mbili. Kadi ya kambi ilikuwa kwenye begi langu, ndani ya plastiki. Kaka alikuwa ametoka kununua maji. Nikaitoa.

Sikumwuliza mama wala kaka. Nilikuwa naijua hadithi ya foleni neno kwa neno, na haikunijia hata kidogo kwamba ndani ya hicho kicheko kuna hesabu. Nilitaka kumaliza. Nilinakili mwaka kutoka kwenye kadi kwa mwandiko mzuri, nikafurahi kwamba tutafika nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Pasipoti ilipotoka nilimtumia promota picha yake. Alinipigia simu kabla sijaweka yangu mfukoni.

"Binti, huyu ni mtoto," alisema. "Ana miaka kumi na sita. Leseni ni kumi na nane."

Nikamweleza yote, kambi, darasa la kwanza, baba mrefu. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mimi naziamini ndevu zake. Lakini ofisini hawagongi muhuri kwenye ndevu."

Nilirudi kule dirishani. Wakasema inaweza kurekebishwa, mama aende mahakamani aape kwamba alipoandikisha alisema uongo, halafu hospitali, halafu tuanze upya. Nikaenda kwa mama mbio, nikidhani hilo ni jambo la asubuhi moja. Mama alikuwa anapepeta karanga. Hakuinua hata macho.

"Ukisema nilidanganya kwa huyu," alisema, "watauliza kuhusu hao wengine."

Hao wengine ni wadogo zangu wawili, ambao mpaka leo wanasoma kule kambini wakikaa kwa mama mdogo, wanakula kwa kadi zao zilizoandikwa siku ile ile. Nilimwambia hakuna atakayeuliza, serikali mbili tofauti, nani ana muda. Alisema mimi siwajui watu wa mezani, yeye anawajua. Sikuongea naye wiki nzima. Kaka ndiye aliyekuja kuniambia niache. "Malesh," alisema, si kitu, miaka miwili ni nini.

Naweza kusema miaka miwili ilikuwa nini.

Kwa kuwa hakukuwa na mzito wa kufanya naye mazoezi, kochi alibuni njia yake. Alimwekea kaka watu wawili wa uzito wa kati, wepesi, wanaopishana. Mmoja anaingia dakika moja, anatoka anapumua, mwingine anaingia. Kaka hatoki. Na kaka alikatazwa kutumia mkono wa kulia, maana angewavunja, na wakivunjika hao hakuna wengine. Kwa hiyo kila jioni, alikuwa anasimama katikati akigusagusa kwa mkono wa kushoto, na wale wawili wanampiga kwa zamu, kwa nguvu zao zote, wakicheka. Walimwita Nyumba. Mmoja akitoka alikuwa anamwambia mwenzake, "Ingia, nyumba iko wazi."

Ngumi zao hazikumwumiza, au yeye alisema hazimwumizi. Basi akaacha kuinua mikono. Kwa nini uinue mikono kwa kitu kisichouma? Gadi ikashuka kifuani, halafu ikashuka kiunoni. Kochi alimkemea, akachoka, akaendelea kuwaza pikipiki zake. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi naandika kwenye daftari. Jioni moja niliandika kwamba kaka anaumwa kichwa, nikaandika labda ni jua la Sherikat. Nikigeuza kurasa sasa naona neno kichwa kila baada ya siku chache, kwa mwandiko wangu, na kila mara nimeweka sababu: jua, saruji, hajala, malaria.

Alipofika kumi na nane ya karatasi alikuwa na ishirini na moja ya kweli. Alipanda basi la Nimule akaenda Kampala.

Promota hakuwa mwongo. Alimpokea. Lakini wakati wa kungoja alikuwa amepata mzito mwingine, wa miaka kumi na tisa, na huyo alianza siku ile ile ambayo kaka angeanza. Alikuwa ameshapigana mara kadhaa, anajua kutembea ulingoni, anajua kushika, anajua kulala kwenye kamba bila kuguswa. Kaka akawekwa kuwa mtu wake wa mazoezi. Yaani kazi ilikuwa ile ile ya Nyakuron, safari hii na mtu mmoja wa kilo zake. Aliponipigia simu mwezi wa kwanza alisema, "Huyu jamaa ananiumiza," na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeniambia habari njema.

Mapambano yake mwenyewe yalikuwa manne. Alishinda mawili kwa ule mkono wa kulia, mapema, kabla watu hawajakaa. La tatu alipoteza kwa pointi. La nne aliitwa siku chache tu kabla, kuziba nafasi ya mtu aliyeugua. Mimi nililiona kwenye simu, picha inakatika katika. Raundi ya tano gadi ilikuwa kiunoni, kama Nyakuron. Alianguka mbele, si nyuma. Picha ikakatika, na iliporudi bado alikuwa chini, watu wamemzunguka, glovu zake tu zinaonekana. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu.

Alirudi Juba akiwa na ishirini na nne. Karatasi ilisema ishirini na moja.

Ukimwona utasema mzima. Anakula, anacheka. Lakini anashika kikombe kwa mikono miwili. Ananisalimia asubuhi, halafu baada ya muda kidogo ananisalimia tena. Mama anamwitikia mara zote mbili kwa sauti ile ile.

Nilimwambia kochi kwamba lile kosa langu ndilo lililomfikisha hapa. Kochi alikuwa amelala chini ya pikipiki, nilikuwa naongea na viatu vyake. Alisema hapana. Alisema angeenda na kumi na tisa, angeanguka na ishirini na mbili badala ya ishirini na nne, ndiyo tofauti peke yake. Nikamwuliza na yule mwingine, aliyeanza na kumi na tisa, mbona yeye hajaanguka. Aligeuza spana. Kisha akasema, "Hiyo sasa mimi najua. Ile watu wawili, ilikuwa makosa yangu. Lakini ningefanya nini, nimpiganishe na ukuta?"

Kaka mwenyewe nilimwuliza mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye rakuba, kile kivuli cha nyasi mbele ya nyumba. Nilimwuliza angeenda kumi na tisa ingekuwaje. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau swali. "Ningepigwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja," alisema.

Halafu mwezi uliopita ikaja simu. Promota mwingine, hatumjui, alikuwa ameona kwenye orodha mzito wa miaka ishirini na moja, ameshinda mara mbili kwa kuangusha. Alitaka kijana. Alisema mzito wa ishirini na moja ana miaka kumi mbele yake. Ile miaka mitatu iliyomzuia sasa ilikuwa inamfungulia mlango. Kaka alifurahi sana. Alianza kukimbia asubuhi, akaniambia nisiharibu, ati mara hii karatasi iko upande wetu.

Fomu ilikuja kwa simu. Nikaenda kuiprinti Buluk kwa Mganda mmoja mwenye duka, nikairudisha nyumbani, na hapo nikafanya kile nilichopaswa kufanya zamani. Nilikaa nao wote wawili, mama na kaka, nikasoma kila swali kwa sauti na kungoja jibu. Ilichukua muda. Kaka ndiye aliyekuwa ananihimiza, mimi nikienda polepole. Jina, uzito, urefu. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa afya. Kama amewahi kupoteza fahamu, ulingoni au nje.

"Andika hapana," kaka alisema.

Nikalisoma swali tena.

"Sista, andika hapana. Nilikuwa najua niko wapi. Niliteleza."

Kalamu ilikuwa pale pale juu ya karatasi. Nilitaka kuandika hapana. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilitaka. Nilikuwa na deni kwake la miaka mitatu, na hapa kulikuwa na neno moja la kulilipa.

Mama aliacha karanga. "Andika ndiyo," alisema.

"Mama," kaka alisema.

"Ile ya kwanza nilisema mimi," mama alisema. "Na hii nasema mimi. Andika."

Niliandika ndiyo. Kaka hakuinuka wala hakupiga kitu. Alichukua fomu, akaitazama kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anatafuta lile neno, akaipiga picha yeye mwenyewe na kuituma yeye mwenyewe. Angeweza kwenda Buluk kuandikiwa nyingine. Sijui kwa nini hakwenda. Promota alijibu siku ya pili: sawa, asante, tutawasiliana. Hajawasiliana. Kaka alikimbia asubuhi wiki moja zaidi, halafu akaacha.

Kochi ndiye aliyesema kichwa kipigwe picha. Juzi nilimpeleka hospitali. Tulingoja toka asubuhi, na mara hii nilikaa kwenye foleni yote bila kulalamika. Zamu yetu ilipofika, nesi alikuwa anaandika kwenye daftari kubwa. Akauliza jina, anakoishi, akauliza umri.

Kaka aligeuka. Alinitazama. Mwanzoni nilidhani anauliza tutumie upi, wa kweli au wa karatasi. Kisha nikaona macho yake, nikaelewa kwamba hajui.

"Mwulize huyu," alimwambia nesi, akitabasamu. "Yeye ndiye mwandishi."

Nikasema ishirini na nne. Ilikuwa mara ya kwanza nausema umri huo mbele ya mtu mwenye kalamu. Nesi aliinua pasipoti niliyokuwa nimeiweka mezani, akaifungua, akapiga hesabu kimya, akanitazama kama mtu anayenionea huruma kwa kutojua umri wa ndugu yangu mwenyewe. Nyuma yetu watu walikuwa wengi na yeye alikuwa na haraka. Akaandika ishirini na moja.